Sauti za kutia moyo Nairobi: pesa yako iende wapi

Tuanze na hukumu yetu juu ya vitabu, vipindi, vilabu na semina za kujiendeleza, ili atakayeshuka njiani awe amepata lake. Ukiwa na Sh500, nunua kitabu kimoja cha mtumba barabara ya Tom Mboya na daftari la kurasa 96. Ukiwa na Sh10,500, jiunge na kilabu cha Toastmasters, cha kujifunza kuhutubia, kwa nusu mwaka, na chenji ikulipie nauli. Ukiwa na Sh5,000 na bango la semina ya hoteli limekukonyeza, zirudishe mfukoni kwanza. Ukiwa huna kitu, maktaba ziko, na simu uliyo nayo inatosha.

Kipimo tulichotumia ni kimoja tu. Baada ya kusoma, kusikiliza au kuhudhuria, kuna jambo gani dogo, lenye siku na saa, ambalo utalifanya? Maneno yanayoishia kwenye kusisimka mwili hatuyapi alama hata moja, hata kama msemaji ana sauti ya radi. Nairobi haina uhaba wa kusisimka: kuna mhubiri kituo cha basi, kuna nganya, ile matatu ya mapambo, iliyochorwa msemo mgongoni, kuna shangazi anayeweka dondoo tatu WhatsApp kabla ya chai ya asubuhi. Kinachoadimika ni maelekezo.

Vitabu vya chini

Soko kubwa la vitabu vya kujiendeleza halina mlango. Liko chini, juu ya turubai, kuanzia Tom Mboya na Moi Avenue hadi Latema na kandokando ya Archives, jumba la kumbukumbu za taifa. Mchana wachuuzi huwa na jicho moja kwa mteja na jingine kwa kanjo, yaani askari wa kaunti, kwa hiyo hubeba vitabu vichache vinavyokusanyika haraka. Ikifika saa kumi na moja jioni turubai hutandazwa kwa utulivu na uteuzi hupanuka, ila mwanga nao unakuwa umeanza kufifia, na katika biashara hii mwanga ndio rafiki wa mnunuzi. Nenda na simu yenye tochi.

Turubai moja huwa na vitabu vya aina mbili, vimechanganywa kama mchele na mawe. Kuna mitumba halisi iliyokuja na marobota kutoka Uingereza na Marekani, mingine ikiwa na muhuri wa maktaba ya shule za huko au mstari wa kalamu ya wino mzito ukingoni mwa kurasa. Usiogope mstari huo. Huwekwa kwenye nakala zilizobaki bila kuuzwa, ili mtu asizirudishe dukani adai bei kamili. Ndani kitabu huwa kizima, pengine hata hakijawahi kufunguliwa. Halafu kuna kopi, zilizochapishwa bila ruhusa ya mwenye kitabu. La kuchekesha ni kwamba kopi mara nyingi huuzwa ghali kuliko mtumba. Mtumba utaupata kwa Sh100 hadi Sh300, na kopi ya kitabu kinachovuma itaanzia Sh300 na kupanda, kwa sababu muuzaji anauza jina lililo midomoni mwa watu.

Kopi haijifichi sana ukijua pa kushika. Pitisha ukucha pembeni mwa jalada: plastiki ya juu hubanduka kama ganda la kitunguu. Geuza nyuma usome yale maandishi madogo yaliyo juu ya mistari ya msimbo; yakiwa na ukungu, jalada limepigwa picha kutoka jalada lingine. Fungua katikati, ukunje kidogo, usikilize. Gundi mbaya hukatika kwa mlio mdogo mkavu, na wiki ya pili kurasa zitaanza kutoka moja moja kama majani ya mgomba. Kisha kagua namba za kurasa. Vitabu hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na makosa mengi hukaa pale fungu moja linapokutana na jingine: fungu limerudiwa, limepinduliwa au limerukwa. Mwisho tafuta jedwali au fomu ya zoezi. Hapo ndipo kopi huumiza zaidi, maana uzito wa kitabu cha namna hii uko kwenye mazoezi, na kwenye kopi jedwali hutoka jeusi tii au limekatwa ukingo.

Muuzaji naye ana majibu yake.

“Hii ni orijino, boss?”

“Orijino kabisa, mkubwa. Mia nne tu.”

“Mbona karatasi iko nyeupe hivi?”

“Hiyo ni edisheni ya India.”

Usicheke upesi, kwa sababu edisheni za India zipo kweli, ni halali, na huchapishwa kwa bei nafuu kwa ajili ya soko la huko. Fungua ukurasa wa haki za mwandishi, ule wa nyuma ya jina la kitabu. Edisheni ya India hutaja mchapishaji wa huko na mahali ilipopigwa chapa, na mara nyingi huwa na onyo la nchi zinazoruhusiwa kuiuza. Ukikuta ukurasa huo una anwani ya New York peke yake na karatasi ni nyeupe ya kufotokopia, mia nne hiyo ni ya kopi. ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, haitakusaidia hapo, kwa kuwa anayenakili kitabu hunakili na namba yake. Inafaa kwa kazi nyingine: kitabu kilichosajiliwa Kenya, kupitia Huduma ya Maktaba za Kitaifa, huanza na 978-9966 au 978-9914, kwa hiyo ukitafuta mwandishi wa hapa unaweza kumtambua rundoni kabla hujasoma jina.

Kuhusu kuchagua chenyewe: usisome sura ya kwanza pale chini. Sura ya kwanza huandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Fungua ya saba au ya nane, usome kurasa mbili, uhesabu vitenzi unavyoweza kuvitenda wiki hii. “Amini nafsi yako” usikihesabu. “Andika matumizi ya siku saba, uyapange kwa mafungu manne” kihesabu. Kurasa mbili zisizo na kitenzi hata kimoja, kirudishe chini kwa adabu.

Vitabu vya pesa vinahitaji jicho la ziada. Vingi vilivyoko turubaini ni vya Marekani, tena toleo la miaka ishirini iliyopita, na ushauri wake umejengwa juu ya mfumo wa kodi na pensheni wa huko. Sura ya akiba ya uzeeni isome kwa kutafsiri: mahali pa akaunti ya 401(k) weka NSSF na mpango wa pensheni wa mwajiri, mahali pa chama cha mikopo weka Sacco yako, ambayo kwa kawaida hukukopesha hadi mara tatu ya akiba, na mahali pa dhamana za serikali yao weka hati fungani za Benki Kuu, ambazo za kawaida huanzia Sh50,000 na tangu 2023 hununuliwa kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa benki hiyo. Kitabu kisichotafsirika hivyo kina thamani ya hadithi tu.

Madukani mambo ni mafupi. Text Book Centre ya Sarit au ya Kijabe Street, na Prestige ya Mama Ngina, zina vitabu vipya na halali, bei ikiwa imebeba VAT ya asilimia 16 ambayo vitabu vimekuwa vikitozwa tangu sheria ya 2013. Nuria, iliyoko Bazaar Plaza, ndiyo tunayomtuma anayetaka waandishi wa Kenya, hasa waliojichapishia wenyewe. Upungufu wa vitabu vya kujichapishia, popote vinapouzwa, unajulikana: vingi havijapita kwa mhariri. Soma yaliyomo. Sura kumi na mbili zenye majina ya sifa tupu, imani, subira, bidii, nidhamu, mara nyingi ni mahubiri kumi na mawili yaliyobandikwa pamoja. Lakini humo humo utakuta mtu aliyeendesha kibanda cha M-Pesa au bucha miaka kumi, akaandika kurasa 90 zenye hesabu za kila siku, na hicho ni bora kuliko kitabu chochote kinachouzwa uwanja wa ndege.

Rafu 158.1

Maktaba za umma zimesahaulika na wanaonung'unikia bei ya vitabu. Huduma ya Maktaba za Kitaifa ina Maktaba Kuu kule Upper Hill na tawi Buruburu, barabara ya Mumias South. Ya McMillan, ile yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa 1931 na iko jirani na Msikiti wa Jamia. Ulizia kwanza sehemu gani ziko wazi, maana jengo la umri huo halikosi mafundi. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yalikarabatiwa na shirika la Book Bunk, na kwa mkazi wa Eastlands hayo ndiyo ya kwanza kuyajaribu: nauli ni ndogo na kiti hakikosekani isipokuwa msimu wa mitihani, wanafunzi wanapojaa tangu asubuhi.

Ukifika usizunguke rafu. Vitabu hupangwa kwa namba za Dewey, kila mada na namba yake. Kujiendeleza ni 158.1. Kufaulu kazini ni 650.1, na ukisogea hadi 650.14 utakuta kutafuta kazi na kuandika wasifu. Pesa za mtu binafsi ni 332.024, kuhutubia hadharani ni 808.51. Chukua kimoja cha 158.1 na kimoja cha 808.51, keti, usome kwa dakika 50 huku simu ikiwa begini. Ubaya wa maktaba ni kwamba vitabu vinavyovuma leo hufika vimechelewa. Tunauona kama faida. Kitabu cha aina hii kinachobaki kusomeka baada ya miaka mitano kimeshachujwa bila wewe kulipia.

Sikioni, kwenye foleni ya Jogoo Road

Mtu wa Umoja au Kayole anayekwenda mjini na kurudi ana saa moja na zaidi ya kukaa kila siku, na hapo ndipo simu hufanya kazi kuliko kitabu, kwani matatu hutikisika na taa zake ni za buluu. Kosa la kwanza ni kusikiliza kupitia video. Sauti ya mazungumzo iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 28.8 kwa saa. Ya kilobiti 128 hula 57.6. Video ya ukubwa wa kati, ile ya 360p, hufika karibu megabaiti 300 kwa saa hiyo hiyo, na wewe hata huitazami, umeifunika mfukoni. Pakua usiku penye waifai, usikilize asubuhi bila bando.

Kwa simu za Android tunapendekeza AntennaPod, programu ya kupakua na kusikiliza podikasti. Ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti. Ukishaiweka, ingia kwenye mipangilio ufanye mambo manne: iruhusu kupakua kwa waifai pekee, iambie ifute kipindi kilichokwisha kusikilizwa, la sivyo simu ya gigabaiti 32 itajaa upesi, weka mwendo wa 1.25 kwa wasemaji wa polepole. Mwisho, washa kuruka ukimya. Hilo la mwisho lizime kwa wasemaji wazuri wa Kiswahili, kwa sababu kimya chao ni sehemu ya maana. Dosari ya AntennaPod ni kwamba haioni vipindi ambavyo Spotify imevifungia kwake peke yake. Kwa vipindi hivyo tumia Spotify ya bure, ambayo huruhusu kupakua vipindi vya mazungumzo ingawa muziki hairuhusu. LibriVox nayo ina vitabu vizima vya Kiingereza vilivyoisha muda wa hakimiliki, vikisomwa na watu wa kujitolea. Msomaji mmoja ni johari, anayefuata anasoma kama anayehesabu magunia.

Na ukae mbali na dirisha. Kipindi cha nidhamu hakimzuii mnyakuzi wa simu wa Muthurwa.

Sauti zenyewe ni zipi? Anayetaka Kiswahili atapata kingi kutoka Tanzania. Joel Nanauka ni wa malengo na mipango, na hupanga hoja kwa namba, jambo linalomfaa mwenye daftari. Chris Mauki ni mwanasaikolojia, na uwanja wake ni ndoa, malezi na mahusiano; msikilize huko. Eric Shigongo anakuja na umahiri wa mtunga hadithi, kwa hiyo utamsikiliza mpaka mwisho, ila uwe na kalamu, maana funzo limefichwa ndani ya kisa. Hapa kwetu P.L.O. Lumumba, aliyewahi kuongoza tume ya kupambana na ufisadi, hupandisha mori kama wachache wengine, lakini hotuba zake nyingi zinahusu nchi na bara. Ukizitumia kujifunza kupanga sentensi na kupumzika kati ya hoja, umepata mengi. Ukitaka ushauri wa madeni yako, umebisha mlango wa jirani.

Jihadhari na video zisizo na mwenyewe: sauti nzito, kinanda cha huzuni nyuma, picha za simba. Nyingi ni vipande vya hotuba za watu tofauti vilivyoshonwa pamoja, na siku hizi sauti yenyewe hutengenezwa na mashine. Zizimie kinanda, yaani yaandike maneno peke yake kwenye karatasi uyasome asubuhi. Kama yamebaki mistari mitatu ya “usikate tamaa”, futa.

Mawe matatu ya kupimia msemaji

Kuna madai matatu yanayozunguka majukwaa yote, ya hoteli, ya kanisani na ya mtandaoni. Msemaji akiyatoa bila kusita, jua ameyaokota kwa msemaji mwenzake.

La kwanza ni kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Asili yake ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Neno “angalau” lilidondoka njiani, na sura ikageuka tabia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, walipowafuatilia watu 96 katika utafiti uliotangazwa 2009, wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia 18 hadi 254. Hili lina madhara ya kweli. Mtu aliyeambiwa 21 hufika siku ya 25 bado akijilazimisha kuamka, akahitimisha kwamba yeye ndiye mbovu, akaacha.

La pili ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa 1953, ule wa asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo na baadaye wakawapita wenzao wote kwa mali. Haujawahi kufanyika. Chuo chenyewe kiliutafuta hakikuuona. La tatu ni kwamba tunatumia asilimia 10 ya ubongo; mtu yeyote aliyemuuguza mgonjwa wa kiharusi anajua kuwa kipande kidogo tu kikifa, mkono au ulimi huenda nacho.

Msemaji mwenye kina utamjua kwa mengine. Hutaja kilichomshinda na kwa nini, hutaja kiasi na muda, na hukupa masharti: hili hufaa ukiwa na mshahara, halifai ukiwa kibarua. Akikupa pia sentensi ya “kama, basi”, ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliifanyia kazi miaka mingi, mpe alama ya ziada. “Nitasoma zaidi” ni nia. “Nikishuka kituo cha Ambassadeur jioni na foleni ya matatu ikizidi watu kumi, nitasoma kurasa nne nikiwa nimesimama” ni mpango, kwa sababu umefungwa kwenye kitu kitakachotokea upende usipende.

Toastmasters: chumba cha taa tatu

Hapa ndipo tungeweka pesa zetu. Vilabu hivi vilianzishwa 1924 na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, na Nairobi viko vingi: vya mitaa, vya vyuo, vya kampuni, vingine hukutana mtandaoni. Vya kampuni mara nyingi huwafungia wafanyakazi wake, kwa hiyo uliza kabla ya kuvaa viatu. Mgeni halipi ada ya uanachama, na hakuna anayemlazimisha kusimama.

Mkutano huenda kwa saa. Hotuba ya kwanza ya mwanachama mpya ni ya kujitambulisha, dakika 4 hadi 6. Nyingi zinazofuata ni za dakika 5 hadi 7: taa au kadi ya kijani huonyeshwa ikifika 5, ya manjano 6, nyekundu 7, na una nusu dakika ya huruma. Kisha huja maswali ya papo hapo. Unaitwa jina, unapewa swali ambalo hukulijua, unajibu kwa dakika moja hadi mbili. Mtu mmoja ana kazi ya kuhesabu “aa”, “yaani” na “you know” zako, na mwishoni huzisoma kwa idadi mbele ya wote. Kumi na saba. Hakuna kitabu kitakachokuambia kumi na saba. Mtathmini naye ana dakika 2 hadi 3 za kusema kipi kilifaa na kipi ukirekebishe, naye pia hutathminiwa.

Thamani yake iko hapo: sauti inayotiwa nguvu ni yako, na kuna mtu mwenye saa mkononi. Bei ni dola 60 kwa miezi sita, na mwanachama mpya huongeza dola 20 mara moja tu. Kwa Sh129 kwa dola, hiyo ni Sh10,320 mwanzoni na Sh7,740 kila nusu mwaka unaofuata. Kilabu kinachokutana mara mbili kwa mwezi hukupa mikutano 12, yaani Sh645 kwa mkutano ukishavuka nusu ya kwanza. Baadhi huongeza mchango wa ukumbi na chai. Ulizia kiasi kabla hujajaza fomu.

Mambo huharibika wapi? Kwanza, kilabu kidogo mno. Watu wanane wakigawana kazi zote, kila mtu ana kofia tatu na mtathmini anaandika huku akitunza saa. Kikiwa kikubwa mno nacho, utapanga foleni wiki sita kabla ya zamu yako ya kuhutubu. Watu 15 hadi 25 ndicho kiasi kizuri. Pili, kilabu cha sifa, ambapo kila hotuba ni “nzuri sana” na kila mtu anapigiwa makofi mpaka mikono inawasha. Tembelea vitatu kama mgeni kabla ya kulipa, na katika kila kimoja sikiliza watathmini kuliko wahutubu. Usiposikia hata pendekezo moja lenye kitendo, kama “shusha mkono wa kushoto” au “anza na kile kisa ulichokiweka mwisho”, endelea na safari. Tatu, nauli. Mikutano ya jioni huisha usiku, na mvua ikinyesha nauli hupanda maradufu. Kilabu kilicho njiani kwako kuelekea nyumbani kitakushindia uvivu. Kilichoko Westlands ilhali unalala Utawala utakiacha ifikapo mwezi wa tatu, hata kiwe kizuri namna gani.

Lugha ni malalamiko yetu makubwa. Vilabu vingi huendeshwa kwa Kiingereza, na anayefikiri kwa Kiswahili hupigana vita viwili kwa wakati mmoja. Dawa ya nusu ni kukusanya watu sita wa chama, wa jumuiya au wa ploti, mkatumia muundo ule ule: saa ya simu, kadi tatu za rangi zilizokatwa kwenye maboksi, mhesabu wa “yaani”. Gharama ni chai.

Semina ya hoteli

Tumeifikia ile Sh5,000. Kadi husema saa mbili asubuhi, ukumbi hujaa saa tatu na nusu. Kuna nyimbo, kuna kugeukia jirani na kumwambia maneno, kuna kisa cha msemaji cha kutoka umaskini, chai ya saa nne yenye sambusa moja. Kisha, katika dakika arobaini za mwisho, taa hupungua na bei ya kozi ya pili hutangazwa: ya kawaida, iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, halafu ya “leo tu”. Watu wanasimama kukimbilia meza ya nyuma. Wanaosimama kwanza, ukiwatazama vizuri, wamevaa beji za waandaaji.

Si zote ziko hivyo. Kabla ya kulipa, watumie waandaaji maswali manne kwa maandishi: kati ya saa zote za semina, ngapi ni za mazoezi? Nitatoka na karatasi gani mkononi? Kuna kozi nyingine itakayouzwa siku hiyo, kwa bei gani? Nikighairi siku tatu kabla, narudishiwa kiasi gani? Mwenye kitu cha kweli hujibu kwa nusu ukurasa. Ukijibiwa “njoo utajionea”, umeshajibiwa.

Lipa kwa Till au Paybill ya M-Pesa yenye jina la biashara, na ulisome jina hilo linapotokea kwenye simu kabla malipo hayajakamilika. Ukiombwa utume kwa namba ya mtu binafsi, simama hapo. Wengi hudhani wataupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 pesa zirudi; njia hiyo ni ya aliyekosea namba, haikuwekwa kwa aliyejuta, na pesa zikishatolewa huwa ngumu kurudi. Dai risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa mamlaka ya kodi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari unazohitaji ili ufaidike na huduma unayolipia, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya uongo, kwa hiyo hifadhi picha ya bango lililoahidi “mapato mara tatu kwa siku 90”.

Msemaji akianza kutibu huzuni, kukosa usingizi au kiwewe jukwaani, toka. Tangu 2014 Kenya ina sheria inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, na kazi hiyo ni ya waliosajiliwa, faraghani, si mbele ya watu mia mbili na kamera.

Mlangoni utapewa fomu ya jina, namba ya simu na kazi unayofanya. Jaza jina tu. Kama umeshajaza yote, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kuwataka waifute namba yako. Waandikie usiku huo huo, kabla hujaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 400 linaloamka saa kumi na moja alfajiri.